Mwaka wa Tairi la Nyuma

Jumamosi iliyopita mwanamume mmoja wa Ishiara alikuja Nchiru kuchukua pikipiki ya Tata Nkatha aliyoinunua, na nilipoiona ikikata kona ya kanisani na mgongo wa mtu mwingine juu yake, macho yangu yalifanya mambo ambayo sikuyatuma. Tata, ambaye ni dada mdogo wa mama yangu, alinitazama akasema, "Kendi, ni pikipiki tu." Nikamwambia ni vumbi limeniingia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Sasa niko kidato cha nne, nina miaka kumi na minane, nina kitambulisho, na katika bweni letu mtu wa umri huu anaitwa nyanya, kwa hivyo nimejipa ruhusa ya wazee ya kukaa chini na kuwaeleza watu jinsi mambo yalivyokuwa zamani. Zamani yenyewe ni miaka miwili iliyopita. Mniwie radhi, ndiyo zamani pekee niliyo nayo.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa, nikiishi na Tata kwenye ploti iliyojaa wanafunzi wa chuo kikuu. Jinsi nilivyofika hapo ni hadithi ya familia, na hadithi za familia zote huishia kwa ugomvi wa shamba, kwa hivyo tuziache. Chumba kilikuwa kimoja: kitanda cha Tata, godoro langu, jiko la gesi, pazia la kugawanya vitu visivyogawanyika, na karibu na dirisha mtungi wa chuma uliofanana na sufuria ya harusi iliyoota shingo. Tata alikuwa akipandisha ng'ombe. Ndani ya mtungi ule mlikuwa na mbegu za madume ya hali ya juu, zimehifadhiwa katika gesi iliyogeuzwa maji, baridi kiasi kwamba ukiufungua unatoa moshi mweupe kama nyumba ya mchawi. Ng'ombe wa mtu akitaka kupandwa, mwenyewe hana haja ya kutafuta dume la jirani. Anampigia Tata simu, na Tata anafunga mtungi kwenye pikipiki anaenda. Kwa kuwa gesi ile haifai kufungiwa ndani na watu, dirisha letu halikufungwa mwaka mzima. Nilikula githeri nikiwa na kofia na soksi mbili mbili. Lakini dirisha wazi lina faida zake, kwa sababu kila kilichosemwa katika ploti kilipita kwetu kwanza. "Nani amemaliza unga wangu?" "Unga gani, buda? Ule ulikuwa wa kubandikia mabango!" Tata alikuwa akicheka akiwa amefunika mdomo na leso, kwa sababu daktari hapaswi kusikika akicheka wateja wa kesho. Watu walimwita daktari wakiwa na shida. Shida ikiisha walimwita yule msichana wa mtungi.

Sasa pikipiki. Mtungi ule hauruhusiwi kulala ubavu, kwa hivyo fundi mmoja wa kuchomelea alikuwa amemtengenezea Tata kiti chake cha chuma nyuma, na fundi huyo alipenda kazi yake kuliko ilivyohitajika. Vyuma vilishuka pande zote mbili za gurudumu la nyuma kama sketi ya muumini wa dhehebu kali. Upande wa kulia kulikuwa na bomba la moshi, upande wa kushoto mnyororo na kifuniko chake, na katikati ya yote hayo, mahali ambapo hata panya angeomba ramani, ndipo ilipokuwa pua ya kutilia upepo. Tangu sketi hiyo ichomelewe, hakuna mtu aliyekuwa amepima upepo wa tairi lile kwa kipimo. Wakijaza, walijaza kwa kukisia, baada ya kuushusha mtungi na kupindisha mpira wa pampu na kumtaja Mungu.

Lakini msidhani Nchiru hakukuwa na utaratibu. Wanaboda wa stejini walikuwa na kipimo chao, na kipimo chao kilikuwa Mama Kanana. Mama Kanana aliuza chai na mandazi kwenye kibanda mkabala na steji, na alikuwa mwanamke mkubwa, mkubwa wa kuheshimiwa. Asubuhi mwanaboda akiwa na wasiwasi na tairi la nyuma angeita, "Mama Kanana, kuja utupimie!" naye angevuka barabara na kikombe chake mkononi, akae kwenye kiti cha nyuma, anywe chai yake taratibu, huku wanaume wanne wamechuchumaa wakitazama jinsi mpira unavyotanuka chini. Tairi likitanuka upana wa vidole viwili, upepo umetosha. Likitanuka zaidi, ongeza. Hakuna aliyecheka. Mama Kanana mwenyewe aliichukua kazi hiyo kama mtu anayesoma zaburi kanisani. Na Tata, mwenye cheti cha mifugo na aliyepima joto la ng'ombe hadi nukta, alikuwa akipeleka pikipiki yake pale kama wengine wote.

Hapo ndipo shida ilipokuwa, na ilikuwa shida ya kweli, kwa sababu ng'ombe hangoji. Akionekana asubuhi kwamba anataka kupandwa, lazima apandishwe kufikia jioni. Ukichelewa, unangoja wiki tatu. Mzee M'Ikiara, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa wafugaji wa kule juu kijijini, alikuwa na ng'ombe wa rangi ya kahawia aitwaye Nkirote. Mara mbili alikuwa amempigia Tata simu, na mara mbili Tata alikuwa amefika usiku, akisukuma pikipiki, tairi la nyuma limekwisha. Mara mbili ng'ombe alikataa kushika mimba. Wiki yangu ya pili Nchiru tulienda kwake kupeleka dawa ya minyoo. Mkewe alitukalisha jikoni, akatupa nduma na chai iliyojaa moshi, na tukiwa tunamenya, sauti ya mzee ilipita juu ya ukuta wa mbao. Alikuwa akiongea na jirani yake Mutwiri.

"Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Ikikataa, Nkirote anaenda bucha."

"Na yule msichana?"

"Aende auze madawa dukani huko Meru. Hii kazi ya ng'ombe inataka mwanaume."

"Mimi nilikuambia," Mutwiri akasema. "Dume langu haliharibikiwi na pancha."

Tata aliendelea kumenya nduma. Aliimenya mpaka ikabaki ndogo kama karanga. Mkewe mzee alituongezea chai bila kuulizwa, akasema kwa sauti ya chini, "Kunywa, mwari wangu. Huyo akisema kitu, kijiji kizima kinafuata. Kwa hivyo usikose." Leo nikifikiria mwaka ule, sioni siku ya mtihani wala siku ya zawadi, naona zile nduma. Nilikuwa mtu wa mzaha tangu darasa la kwanza, walimu walikuwa wameandika hivyo katika kila ripoti, lakini pale jikoni niliangalia vidole vya Tata na kila mzaha niliokuwa nao ulienda kukaa nyuma ya ulimi.

Ulirudi kesho yake. Asubuhi Tata alipeleka pikipiki stejini, Mama Kanana akaja na kikombe, akaketi, wanaume wakachuchumaa. "Iko sawa," akasema Gitonga, ambaye alikuwa kama mwenyekiti wa kuchuchumaa. "Vidole viwili kabisa." Nami nikiwa nimesimama na begi la shule, mdomo ukafunguka wenyewe: "Mama Kanana, kwani si ulipungua?"

Nilidhani nitapigwa kofi na mtu asiye wa ukoo wangu. Lakini Mama Kanana akang'aa uso mzima. "Umeona?" akasema. "Tangu daktari anikataze sukari! Hata hii sketi nimeirudisha kwa fundi akaishona kiuno upya. Na hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeona. Mtoto ndiye ameona!" Wanaboda walitazamana kama watu walioambiwa mizani ya kiwanda cha chai imekuwa ikidanganya. Gitonga akahesabu kitu kwa vidole. "Kumbe ndio sababu tumekuwa tukipata pancha tangu Krismasi," akasema polepole, "na sisi tukilaumu misumari ya wale wanajenga hosteli."

Tata hakucheka. Alikopa kipimo kwa fundi wa pancha, akalala chini ya sketi ile ya chuma, akajaribu kuingiza mkono, ukakwama kwenye kiwiko. Gitonga akajaribu, wake ukakwama kwenye kifundo. Basi nikavua sweta. Tulisukuma pikipiki mbele na nyuma mpaka pua ya tairi ikaja chini, nyuma kidogo, mahali palipokuwa na nafasi kati ya mnyororo na chuma, nikapitisha mkono kutoka chini nikiwa nimekumbatia gurudumu kama mtoto wa nyani. Pua niliipata kwa kupapasa. Kipimo kikakaa. Sasa tatizo likawa kukisoma, maana kilikuwa kimetazama ardhi. Nikatoa kioo changu cha kujitazamia, ambacho shuleni kingetaifishwa, nikakiweka chini kwenye changarawe, na humo nikaona mshale. Uliposomwa kinyume na kugeuzwa, ulionyesha chini ya nusu ya kile kilichoandikwa na waliotengeneza pikipiki, yaani thelathini na sita. Vidole viwili vyetu vyote vilikuwa uongo! Tata aliketi kwenye changarawe akasema neno la Kimeru ambalo siwezi kuliandika kwa sababu mama atasoma.

Tangu siku hiyo asubuhi zetu zilikuwa na ibada mpya. Kabla ya chai, kabla injini haijawashwa na tairi likiwa bado na baridi ya usiku, nililala chini ya pikipiki na kioo changu na kipimo tulichokuwa tumenunua. "Thelathini na sita," ningeita, na Tata angejibu "Amina." Wanafunzi wa ploti walipita na miswaki mdomoni wakaniuliza kama natafuta mume chini ya pikipiki. Niliwajibu kwamba natafuta aliyemaliza unga.

Nkirote aliita, yaani alianza tena kutaka dume, mwezi wa tatu, siku mbaya kuliko zote. Gesi ya mtungi ilikuwa imepungua na huku kwetu haikupatikana wiki hiyo, kwa hivyo Jumamosi tulishuka alfajiri kwa ile barabara ya chini mpaka Embu, tukajaza mtungi, tukageuza. Kufika Ishiara ilikuwa saa sita na jua lilikuwa linatuona sisi tu. Tulisimama kununua maji karibu na soko, na simu ikalia.

"Nkirote anapanda wengine tangu asubuhi," ilikuwa sauti ya Mzee M'Ikiara. "Uko wapi?"

"Niko njiani, Mzee."

"Njia gani?"

"Hii ya kuja nyumbani," Tata akasema, na hakuwa amesema uongo, ila hakutaja kwamba nyumbani palikuwa mbali kiasi gani.

Wakati huo kijana wa kujaza upepo, mwenye mpira wa kipimo uliokunjwa shingo kwa ajili ya mapikipiki magumu, alikuwa tayari ameshaingiza mkono bila kuombwa. "Mathee, hii imepita thelathini na sita kabisa! Itapasuka njiani. Hapa Ishiara tunapunguza, joto la hapa halina mchezo." Watu wawili waliokuwa wakikaa kivulini wakakubaliana naye, huko chini kila mtu anapunguza upepo mchana, wanajua hivyo kama wanavyojua majina yao. Mimi nilijua kwamba upepo ule haukuongezeka, ulipashwa moto tu na barabara, na kwamba ukipoa utarudi ulipokuwa. Nililijua kwa sababu kila asubuhi nilikuwa nalala chini yake. Lakini nililisemaje? "Punguza tu," nikasema, "tukifika Meru tutalikunja tulile kama chapati." Wakacheka sana. Kijana akacheka huku akitoa upepo, fssss. Tata naye akacheka kidogo, akawasha, tukaondoka.

Nimewahi kufikiria sana kicheko kile, hasa usiku wa maandalio darasani nikiwa natakiwa kufikiria mambo mengine. Ukiwa mtu wa mzaha watu wanakupenda, wanakuwekea nafasi ya kukaa, na kila unachosema kinapita masikioni mwao kikiwa kimepakwa mafuta, hakishiki popote. Sijaacha mzaha. Nimejifunza tu kwamba kuna siku lazima mtu aseme jambo likiwa kavu.

Tulipita Mitunguu, barabara ikaanza kupanda, na hewa ya kwetu ikaanza kutupiga kifuani, ile hewa yenye ubaridi wa migomba. Mawingu yalikuwa yamefunika jua. Kwenye kona ya kwanza nyuma ya pikipiki iliyumba kama ng'ombe anayefukuza nzi. Kwenye ya pili iliyumba na mtungi ukagonga chuma.

"Tata, simama."

"Umebanwa?"

"Tairi liko chini. Walitoa upepo mzuri. Simama."

"Kendi, leo si siku ya vituko. Mzee ananingoja."

"Sifanyi kituko." Sauti yangu ilitoka nyembamba, hata mimi sikuitambua. "Ukiendelea hivi tutapata pancha, na tutafika usiku, na Nkirote ataenda bucha. Tata, tafadhali."

Alienda kama mita hamsini zaidi, nafikiri alikuwa akingoja nicheke. Kisha akasimama. Nililala chini ya pikipiki hapo hapo kando ya barabara, nikaweka kioo kwenye nyasi. Tata aliinama akaona mshale ulipo. Alisimama katikati ya barabara akinyoosha mikono, akamsimamisha mwanamume aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, na mwanamume huyo alikuwa na pampu ya mkono. Mpira wa pampu ulifika kwenye pua kwa shida, mimi nikiushikilia chini huku kidole kikiungua kwenye bomba la moshi, Tata akipiga pampu na sketi ya kazi imefungwa kiunoni.

"Kwani mmebeba nini hapo?" mwenye ndizi akauliza.

"Madume," Tata akasema, akipumua.

Mwenye ndizi akautazama mtungi, akatutazama sisi, akarudi nyuma hatua moja. Simu ililia. Tata aliiangalia na hakuishika. "Nikiishika nitadanganya," akasema. "Wewe soma." Nikasoma. Bado. Akapiga. Nikasoma tena. Bado kidogo. Mwenye ndizi akachukua pampu kutoka mikononi mwake bila kuombwa, akapiga kama mtu anayemfufua ndugu, mpaka nikaita "Thelathini na sita!" na watu watatu tukasema amina.

Tulifika kwa Mzee M'Ikiara jua likiwa bado juu ya miti. Alikuwa amesimama langoni na saa yake mkononi, ameivua kabisa ili aione vizuri. Alitazama tairi la nyuma kwanza, kisha akafungua lango. Tata aliosha mikono, akafanya kazi yake, mtungi ukatoa moshi wake, Nkirote akatafuna majani kama mtu asiyehusika. Tukaenda nyumbani tukalala na viatu.

Ningependa kuwaambia kwamba shida iliishia hapo. Siku mbili baadaye dume la Mutwiri, la kahawia lenye nundu, lilivunja ua. Lilipatikana kwenye boma la Mzee M'Ikiara. Wiki tatu zikapita na simu haikulia, maana yake Nkirote ameshika, na tulipaswa kucheza ngoma; lakini kijiji kizima tayari kilikuwa kimeamua mimba ni ya nani. "Msichana wa mtungi amesaidiwa na dume," walisema, na Mutwiri alisema zaidi ya wote. Tata alikuwa na la kujibu. Nkirote alipandishwa kwa wakati, na saa zake za kushika zilikuwa zimepita kabla dume halijafika. Lakini nani angemsikiliza? Mwaka mzima tulingoja ndama atusemee. Mvua zikaja, mahindi yakakomaa, nikafeli Kemia nikapita Fizikia, na kila Tata alipopita njia ile alitazama tumbo la Nkirote kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Tata aliitwa Desemba, asubuhi, na mkewe mzee: "Kuja haraka, ameanza." Tulipofika, ua ulikuwa umejaa watu wameegemea nguzo, na Mzee M'Ikiara alikuwa amevaa koti la kanisani. Mbegu za Tata zilikuwa za dume jeusi na jeupe. Nkirote ni kahawia, dume la Mutwiri ni kahawia. Hata mtoto wa chekechea angeweza kuhukumu kesi ile. Miguu ilitoka, kichwa kikatoka, Tata akavuta kwa upole, na ndama akaanguka kwenye nyasi, ameloa, mweusi tititi.

"Ngojeni," Mutwiri akasema. "Kikilowa kila kitu ni cheusi. Hata mimi nikilowa."

Basi tukangoja. Nkirote akaanza kumlamba mtoto wake, mgongo, shingo, mbavu, bila haraka yoyote, na jua likapanda. Nyota nyeupe ikatokea kwenye paji la uso. Miguu ikawa na soksi nyeupe. Kilichokuwa cheusi kikakauka kikabaki cheusi, kinang'aa, na ndama jike akasimama kwa miguu minne iliyokuwa ikienda pande nne.

"Labda dume langu lilikuwa na babu mweusi," Mutwiri akasema, lakini hata yeye alikuwa ameanza kucheka.

Mzee M'Ikiara alimzunguka ndama mara moja, mikono nyuma. Kisha akamgeukia jirani yake. "Mutwiri, wacha mambo ya babu. Ile ng'ombe yako nyeupe inaita lini?"

"Wiki hii au ijayo."

"Basi toa simu uandike namba ya daktari."

Mutwiri akatoa simu, akaifuta kwenye shati. Nyuma yake, kwenye ua, mmoja akaingiza mkono mfukoni, kisha mwingine, kisha wote. Tata alikuwa na damu mpaka kwenye viwiko, na nyasi kwenye nywele. Aliitaja namba yake polepole, tarakimu moja moja, na mtu wa nyuma akasema hajasikia, arudie. Akarudia. Niliyatazama yale mandevu yote yameinamia simu, nikamtoa Tata nyasi kwenye nywele huku akiitaja namba mara ya tatu.